Kompyuta Iliyokataa Kuwaka: Kutafuta Hitilafu Kuanzia Soketi ya Ukutani Hadi Diski

Kompyuta ya mezani iliyokataa kuwaka huwa katika mojawapo ya hali nne, na kila hali ina chanzo chake na njia yake ya kushughulikiwa. Ya kwanza ni kimya kamili: ukibonyeza kitufe, hakuna taa, hakuna feni wala mlio. Katika hali ya pili feni huzunguka na taa huwaka, lakini monita hubaki nyeusi. Katika hali ya tatu nembo ya mtengenezaji hutokea kwenye monita, kisha kompyuta hukwama ikidai kwamba haioni diski au kwamba mipangilio yake imepotea. Ya nne ni pale ambapo Windows huanza kupakia, halafu hukwama, hutoa skrini ya buluu au hurudi mwanzo mara kwa mara. Amua kwanza uko katika hali ipi, kabla hata ya kushika bisibisi, kwa maana mtu anayebadilisha diski ya kompyuta isiyopata umeme, au anayenunua pawasaplai (kisanduku kinachogawa umeme ndani ya kompyuta) ilhali Windows ndiyo iliyoharibika, hutoa fedha mfukoni na bado hulala na tatizo lake.

Mwongozo huu unamlenga mwenye saiba, mwalimu anayetunza maabara ya shule na mtu wa nyumbani katika Kisumu na magharibi mwa Kenya kwa jumla. Eneo lina uzito wake katika jambo hili. Kompyuta nyingi tunazotumia zilifanya kazi kwanza katika ofisi za Uingereza, Marekani na kwingineko kabla ya kuuzwa hapa, kwa hiyo zina umri. Umeme wetu hukatika na kurudi kwa kishindo. Nazo radi za alasiri zinazotoka upande wa ziwa na zile za Kakamega na Kisii hazihitaji utangulizi kwa mwenyeji yeyote.

Hatua ya kwanza: uliza kilichotokea mara ya mwisho

Kompyuta iliyofanya kazi jana ikakataa leo ina kisa katikati, na kisa hicho mara nyingi hufupisha kazi kwa nusu. Muulize aliyeitumia mwisho, na umuulize bila kumtisha, kwa sababu mwanafunzi au mfanyakazi anayeogopa kulipishwa hatakwambia kwamba alimwaga soda. Je, umeme ulikatika ikiwa imewashwa? Je, kulikuwa na radi? Kuna mtu aliyefungua kasha, aliyeongeza RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta) au aliyeacha flashi imechomekwa? Je, saa na tarehe zilikuwa zikijirudisha nyuma kwa majuma kadhaa? Je, Windows ilikuwa katikati ya kujisasisha?

Iwapo kompyuta ilisafirishwa, sema kwa matatu kutoka Luanda au Siaya hadi mjini, usikimbilie kudhani kwamba imeungua. Aghalabu kuna kitu kilicholegea: kipande cha RAM kimeinuka upande mmoja, kebo ya diski imechomoka, au kipoza cha prosesa (chipu kuu ya kompyuta) kimeachia mguu mmoja. Ikiwa kompyuta iliyotoka kwa fundi ikiwa nzima ndiyo iliyokataa baada ya kurudi nyumbani, usianze kumlaumu fundi kabla ya kufungua kasha na kusukuma viunganishi vyote mahali pake.

Hatua ya pili: anza ukutani

Hapa ndipo watu hupita haraka kupita kiasi, na hapa ndipo nashauri usipite haraka. Chomoa kompyuta kwenye UPS (kifaa chenye betri kinachoishikilia kompyuta umeme ukikatika), kwenye ekstensheni na kwenye kila kilicho katikati, kisha uichomeke moja kwa moja kwenye soketi ya ukutani ambayo una hakika inafanya kazi. Wengi huhakikisha soketi kwa kuchomeka chaja ya simu, na simu ikianza kuchaji huridhika. Kipimo hicho hakitoshi. Chaja ya simu hutengenezwa ifanye kazi kati ya volti 100 na 240, kwa hiyo itachaji bila wasiwasi hata kama volti zimeshuka hadi 150, ilhali pawasaplai nyingi za zamani zilizowekwa kwenye 230 hukataa kabisa kuanza katika hali hiyo. Nyumba iliyo mwisho wa laini, mbali na transfoma, huweza kuwa na umeme hafifu namna hii saa za jioni, wakati kila jirani anapika na kupiga pasi, kisha umeme ukawa sawa kufikia saa tano za usiku. Kompyuta inayowaka asubuhi na kukataa jioni ni ya kupimiwa volti za soketi kwa multimeta (kipima umeme), kazi ambayo afanye mtu aliyezoea kupima umeme wa ukutani. Hapa nchini kipimo kinachotarajiwa ni karibu volti 240.

UPS nayo ni mshukiwa mkubwa, ingawa ilinunuliwa iwe mlinzi. Betri yake ya risasi na asidi huchoka baada ya miaka michache, na UPS nyingi zenye betri iliyokufa hukataa kuwaka hata umeme ukiwepo, na hivyo kompyuta nzima huonekana imekufa. UPS ndogo ya VA 650 pia haibebi printa ya leza: printa inapopasha joto huvuta umeme mwingi kwa ghafla, UPS hujifungia, na kompyuta huzimika pamoja nayo. Wanaotumia sola wajue jambo jingine. Inveta za bei nafuu hutoa umeme ambao wimbi lake lina ngazi badala ya kupinda kwa ulaini, na baadhi ya pawasaplai za kisasa hazikubaliani nalo. Kompyuta huwaka vizuri kwa umeme wa kawaida na kukataa kwa inveta, au huzimika wakati ule ule UPS inapochukua zamu. Hapo kompyuta haina kosa.

Kisha tazama kebo. Plagi yetu ya pini tatu za mraba, ile ile ya Uingereza, huwa na fyuzi ndani yake, kwa kawaida ya ampea 13 au pungufu, na fyuzi hiyo ikikatika hakuna dalili yoyote ya nje. Huna haja ya kipimo: kebo ya umeme ya kompyuta ya mezani na ya monita kwa kawaida ni za aina moja, basi zibadilishane. Ikiwa kompyuta imewaka na monita ikazimika, umepata jibu kwa gharama ya fyuzi moja. Usifunge kijiti cha chuma wala karatasi ya sigara mahali pa fyuzi. Fyuzi imewekwa pale ife yenyewe ili nyumba isiungue.

Nyuma ya kasha, karibu na mahali kebo inapoingia, pawasaplai nyingi huwa na swichi yenye alama za I na O. Hakikisha iko upande wa I. Baadhi huwa na swichi nyingine ndogo, mara nyingi nyekundu, yenye nambari 115 na 230, na hiyo ndiyo ya kuogopwa. Kompyuta iliyotoka Marekani inaweza kufika ikiwa imewekwa 115, na umeme wetu ukiingia, pawasaplai hulipuka kwa mshindo na harufu ambayo hutaisahau. Iangalie kabla ya kuchomeka, si baada. Katika maabara za shule ifunikwe kwa utepe mgumu, kwa sababu mwanafunzi mwenye kalamu na udadisi ataifikia siku moja.

Mwisho wa hatua hii, chomoa kebo ya umeme, bonyeza kitufe cha kuwashia na ukishikilie kwa nusu dakika ili chaji iliyobaki ndani iishe, kisha rudisha kebo na ujaribu tena. Baada ya umeme kukatika na kurudi ghafla, pawasaplai huweza kujifungia ili kujilinda, na kitendo hiki kidogo huifungua. Ni jambo rahisi, lakini limewaokoa wengi safari ya kwenda mjini.

Hatua ya tatu: kimya bado kipo, fungua kasha

Chomoa umeme kwanza, kisha gusa chuma kisicho na rangi cha kasha ili umeme tuli ulio mwilini mwako uondoke kabla ya kugusa bodi, yaani ubao mkuu ambao vipande vingine vyote huchomekwa. Piga picha kwa simu ya kila upande, ili ujue kila waya ulitoka wapi. Pawasaplai yenyewe usiifungue kamwe ikiwa hukufunzwa kazi hiyo. Kapasita zilizomo ndani huweza kubaki na zaidi ya volti 300 hata baada ya kuchomolewa ukutani.

Tumia macho na pua kabla ya vifaa. Vumbi jekundu la barabara zetu, likichanganyika na unyevu, hujenga tabaka linaloziba feni na kushika joto. Kwa wanaoishi karibu na ziwa, wale wadudu wadogo wanaofuata taa usiku huingia kwenye matundu ya kasha na kufia ndani kwa wingi. Mijusi na mende hupenda joto la pawasaplai, na mjusi aliyelala juu ya nyaya zisizofunikwa hufa yeye na kuiua pawasaplai pamoja naye. Ondoa uchafu kwa brashi laini au kwa hewa ya bloa, ukizuia feni isizunguke kwa kasi. Kisha tazama kapasita kwenye bodi, zile silinda ndogo zilizosimama: vichwa vyake viwe bapa. Kapasita iliyovimba juu au kuvuja maji ya kahawia ni hitilafu uliyoiona kwa macho, na fundi mwenye chuma cha kulehemu anaweza kuibadilisha.

Bodi nyingi zina taa ndogo inayowaka mara tu umeme unapofika, hata kabla ya kubonyeza kitufe. Ikiwa taa hiyo inawaka na kompyuta bado ni kimya, shuku kitufe cha mbele. Fuata waya wake mwembamba hadi kwenye pini za bodi, uuchomoe, kisha gusisha zile pini mbili za kuwashia kwa ncha ya bisibisi kwa sekunde moja tu. Feni zikizunguka, bodi na pawasaplai zinaitikia na kitufe ndicho kibovu. Mwenye haraka anaweza kuhamishia waya wa kitufe cha kuanzisha upya kwenye pini hizo, na kompyuta ikaendelea kutumika hivyo kwa miaka.

Ikiwa hakuna kinachotokea, jaribu pawasaplai peke yake. Ondoa kiunganishi chake kikubwa cha pini 24 kwenye bodi, na viunganishi vingine vyote, uache feni moja au diski nzee iwe mzigo mdogo. Kwenye kiunganishi hicho, unganisha tundu la waya wa kijani na tundu lolote la waya mweusi kwa kibanio cha karatasi kilichonyooshwa, halafu washa swichi ya nyuma. Feni ya pawasaplai ikizunguka, angalau haijafa kabisa. Kuzunguka kwa feni pekee hakuthibitishi afya, hivyo mwenye multimeta apime: waya wa manjano utoe volti 12, mwekundu 5 na wa rangi ya chungwa 3.3, na kila kimoja kisipungue wala kuzidi kwa zaidi ya asilimia 5. Waya wa manjano unaotoa volti 10.8 ni wa pawasaplai ya kutupwa, hata kama feni inaimba. Tahadhari kwamba jaribio hili linahusu pawasaplai za kawaida. Kompyuta nyingi za ofisini za Dell na HP za miaka ya karibuni hutumia viunganishi vya namna yao, vyenye pini chache, na pawasaplai ya kawaida ya dukani haiingii humo bila adapta. Ukienda kununua, beba ile mbovu mkononi.

Kuhusu radi, jambo moja husahauliwa. Watu huchomoa plagi ya umeme na kuacha kebo ya mtandao imechomekwa, ilhali kebo hiyo ni ya shaba na hupitisha mshtuko vilevile. Hata mahali ambapo intaneti huja kwa nyuzi za kioo, kipande kinachotoka kwenye ruta kwenda kwenye kompyuta bado ni shaba. Baada ya usiku wa radi, chunguza tundu la mtandao nyuma ya kompyuta. Likiwa jeusi au likinuka kuungua na pawasaplai ikapimwa ikawa nzima, bodi ndiyo iliyopigwa. Kizuia mshtuko kilicho kwenye ekstensheni hakizuii radi iliyoanguka karibu. Kinga ya kuaminika ni kuchomoa kebo zote mbili mara tu wingu linapoanza kunguruma.

Hatua ya nne: feni zinazunguka, monita nyeusi

Anza na monita yenyewe. Chomoa kebo yake kwenye kompyuta: monita nzima itaonyesha ujumbe kwamba haipokei chochote. Isipoonyesha, tatizo ni lake. Ikiwa kompyuta ina kadi ya picha ya ziada, hakikisha kebo imechomekwa kwenye kadi hiyo, si kwenye tundu la bodi, na kwamba monita imechaguliwa ipokee kutoka tundu sahihi.

Baada ya hapo sikiliza na utazame. Kompyuta za ofisini hujaribu kusema zinachougua kwa milio au kwa taa ya kitufe. Kwenye kompyuta nyingi za mezani za HP za zamani, taa nyekundu inayomweka mara tano pamoja na milio mitano, kisha kutulia, humaanisha RAM. Mara nne ni pawasaplai. Mara sita ni upande wa picha. Na mara mbili ni prosesa iliyopata joto kupita kiasi. Dell hutumia taa ya rangi ya machungwa au taa ndogo zenye nambari mbele ya kasha. Maana za milio hutofautiana kwa kila mtengenezaji, hata kwa kila toleo, kwa hiyo tafuta maelezo ya modeli yako hasa na usitumie ya kompyuta ya jirani.

RAM ndiyo ninayoanza nayo kila mara katika hali hii. Chomoa umeme, ondoa vipande vyote, sugua meno yake ya rangi ya dhahabu kwa kifutio safi cha penseli hadi yang'ae, pangusa makombo yote, kisha rudisha kipande kimoja tu na ukisukume hadi vishikio vya pembeni vijifunge kwa sauti. Jaribu kompyuta. Ikikataa, hamisha kipande hicho kwenye nafasi nyingine. Ikikataa tena, jaribu kipande kingine. Badilisha kitu kimoja kwa kila jaribio, la sivyo hutajua ni kipi kilichoponya. Ukiazima RAM, kumbuka kwamba DDR3 na DDR4 haziingiliani: pengo lake liko mahali tofauti, na anayelazimisha huvunja nafasi ya bodi.

Ikiwa RAM si kosa, punguza kompyuta hadi ibaki na bodi, prosesa na kipoza chake, kipande kimoja cha RAM na pawasaplai. Ondoa diski, kadi za ziada, kibodi, kipanya na kila kilicho kwenye matundu ya USB. Tazama matundu ya USB ya mbele kwa tochi, kwa maana katika saiba na maabara flashi hugongwa na magoti, na pini zilizopinda zikigusana huzuia kompyuta kuwaka au huizima baada ya sekunde chache. Iwapo kompyuta hii iliyopunguzwa imewaka, rudisha kifaa kimoja kimoja hadi mkosaji ajitaje. Usisahau kiunganishi cha pili cha umeme, chenye pini nne au nane, karibu na prosesa. Kisipochomekwa, feni huzunguka lakini prosesa haipati chochote.

Kompyuta inayowaka kisha kuzimika baada ya sekunde au dakika chache mara nyingi huwa imepata joto kupita kiasi. Tikisa kipoza cha prosesa polepole. Vile vya Intel vinavyoshikwa kwa miguu minne ya plastiki huachia kwa urahisi barabarani. Kikiwa kimeachia, kiondoe, pangusa pesti kavu kwa spiriti, weka pesti mpya kiasi cha punje ya dengu, kisha ukifunge kwa kukandamiza miguu kimshazari.

Hatua ya tano: betri ya duara na mipangilio iliyopotea

Ningependa kila mwenye kompyuta ya mitumba aisome sehemu hii hata kama kompyuta yake ni nzima, kwa sababu hitilafu hii hudanganya kuliko zote. Kwenye bodi kuna betri ya duara, CR2032 ya volti 3, inayotunza saa na mipangilio ya BIOS (programu ya kwanza kuamka kompyuta inapowashwa) wakati kompyuta haina umeme. Betri hiyo ikichoka, saa hurudi miaka mingi nyuma kila umeme unapokatika, na kompyuta husimama ikikutaka ubonyeze F1 ili iendelee. Watu huzoea kubonyeza F1 na kuishi hivyo.

Shida huanza siku mipangilio inaporudi ile ya kiwandani na ikawa haifanani na iliyokuwepo Windows ilipowekwa. Mipangilio miwili ndiyo ya kuchunguzwa. Wa kwanza ni namna ya kuwasiliana na diski, ambao hujulikana kwa majina AHCI, RAID au IDE. Ukibadilika, Windows huanza kisha huanguka kwenye skrini ya buluu ikidai haiwezi kufikia diski ya kuanzia, na msimbo wake kwa kawaida ni 0x7B. Wa pili ni namna ya kuanza, UEFI au ile ya zamani (huandikwa Legacy). Ukibadilika, kompyuta hudai hakuna diski yoyote ya kuanzia, ilhali diski ipo na ina kila kitu. Fundi asiyejua hili atasema diski imekufa, ataifuta na kuweka Windows upya, na picha za harusi pamoja na hesabu za mwaka mzima zitakwenda hivyo.

Basi fanya hivi. Nunua betri mpya, uiweke upande wa alama ya kujumlisha ukitazama juu. Washa kompyuta huku ukigonga F2 kwa Dell, F10 kwa HP, au F1 kwa kompyuta nyingi za mezani za Lenovo, hadi uingie BIOS. Sahihisha saa na tarehe. Angalia kama diski inaonekana kwa jina. Ikiwa inaonekana, badilisha mpangilio wa AHCI na RAID, hifadhi, ujaribu; ikikataa, urudishe, kisha badilisha UEFI na ile namna ya zamani, ujaribu tena. Kubadilisha mipangilio hii hakufuti diski. Kompyuta yenye BitLocker (kinga ya Windows inayofunga diski kwa ufunguo) inaweza kukuomba ufunguo wa tarakimu 48, ambao kwa kawaida hupatikana kwenye akaunti ya Microsoft ya mwenye kompyuta. Mpangilio sahihi ukipatikana, uandike kwenye kibandiko na ukibandike ndani ya kasha.

Hatua ya sita: diski haionekani, au Windows haimalizi kuanza

Kabla ya yote chomoa flashi na diski za nje, kwani kompyuta huweza kujaribu kuanzia humo. Ikiwa BIOS haioni diski kabisa, badilisha kebo yake ya data na ujaribu tundu jingine kwenye bodi. Diski ya sahani ikitoa mlio wa kugonga, tik, tik, tik, izime mara moja na usiijaribu tena: kila dakika inapozunguka huweza kukwaruza data, na kama data hiyo ina thamani, huyo ni mgonjwa wa mtaalamu. Diski za SSD, zisizo na sahani inayozunguka, hazina mlio, hufa kimya.

Diski ikionekana na Windows ikakwama, okoa mafaili kwanza, kisha tengeneza. Andaa flashi ya GB 8 yenye Ubuntu au Linux Mint (mifumo mingine badala ya Windows, inayoweza kuanzia kwenye flashi) kwa kutumia kompyuta nyingine, ianzishe kupitia menyu ya kuchagua kifaa, ambayo ni F12 kwa Dell na Lenovo na F9 kwa HP, uchague kujaribu bila kusakinisha, kisha nakili mafaili kwenye diski ya nje. Usianze na chkdsk (programu ya Windows ya kukagua diski) kwenye diski inayosuasua, kwa sababu kazi hiyo nzito huweza kuimaliza.

Mafaili yakiwa salama, iache Windows ishindwe kuanza mara mbili au tatu mfululizo. Windows 10 na 11 huingia zenyewe kwenye skrini ya matengenezo. Humo jaribu marekebisho ya kuanza, kisha kuondoa sasisho la mwisho, kisha kurejesha hali ya tarehe ya nyuma. Kusakinisha upya kuwe njia ya mwisho. Na muuzaji akikuambia kwamba kompyuta yako haiwaki kwa sababu Microsoft ilikomesha msaada wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, mshukuru na uondoke dukani: tarehe hiyo ilikomesha masasisho ya kawaida ya usalama, haikuzima kompyuta ya mtu.

Iwapo ni laptopu

Mengi ni yale yale, ila kuanza ni kwa chaja. Nyingi hutoa karibu volti 19 au 20, na zile za Dell na HP zenye ncha ya duara zina pini nyembamba katikati inayoitambulisha chaja. Ikivunjika, laptopu huweza kuwaka lakini ikakataa kuchaji betri. Chomoa chaja, ondoa betri ikiwa ni ya kutoka nje, shikilia kitufe kwa nusu dakika, kisha jaribu kwa chaja peke yake. Skrini ikiwa nyeusi, imulike kwa tochi kutoka pembeni. Ukiona kivuli cha picha, taa ya skrini ndiyo iliyokufa, na monita ya nje itathibitisha. Chai ikimwagika, zima, chomoa, igeuze kifudifudi na usiiwashe hadi ifunguliwe na kusafishwa. Betri iliyovimba isichajiwe tena hata kidogo.

Unapoipeleka kwa fundi

Andika kwenye karatasi hali uliyokuta kati ya zile nne, idadi ya milio au mimweko, na kila ulichokwisha kujaribu, ili fundi asikutoze kwa kurudia kazi yako. Ikiwa mafaili hayana nakala, toa diski na ubaki nayo nyumbani. Bodi, RAM na pawasaplai huweza kuchunguzwa bila diski. Andika pia nambari za RAM na ukubwa wake, na umwone fundi akizisoma. Akisema bodi imekufa, mwombe akuonyeshe ikiwa na pawasaplai na RAM zinazojulikana kuwa nzima, na uulize bei ya bodi kabla ya kukubali: kwa kompyuta ya mezani ya mitumba iliyokaa zaidi ya miaka kumi, mara nyingi ni nafuu kununua kasha jingine la modeli ile ile na kuhamishia diski yako humo, na ile ya zamani ibaki ya vipuri.